Mwalimu wa Dini na Mapendo ya Watoto

Mtoto wa darasa la tatu anasimama na kutaja amri ya mapendo, asikose hata neno moja. Mwalimu anamsifu. Saa ya mapumziko mtoto yule yule anamfukuza mwenzake mchezoni, kwa kuwa ni mkimbizi wa vita na lugha yake ni ngeni. Ndugu makatekista, somo letu limeingia wapi? Kichwani tu.

Sisi mapadri na walimu twakosa mara nyingi hapa: twafundisha mapendo kama hesabu. Lakini mtoto hufahamu mapendo siku anapopendwa.

Tutazame mfano. Tarehe 8 Desemba 1841, mjini Torino, katika Italia, padri kijana Yoane Bosco alikuwa akijitayarisha kwa Misa. Mtunza sakristia alimwambia mvulana aliyesimama pale atumikie Misa. Mvulana hakujua, basi akapigwa na kufukuzwa. Padri akaagiza aitwe tena, akisema kwamba huyo ni rafiki yake. Baada ya Misa akamwuliza habari zake: hana wazazi, hajui kusoma, hajui kuimba. Je, ajua kupiga mluzi? Hapo mvulana akacheka. Ndipo walipoanza na ishara ya msalaba. Mvulana huyo aliitwa Bartolomeo Garelli. Wengine wakamfuata, na katika kazi hiyo walizaliwa Wasalesiani, ambao walifika Katanga mwaka 1911.

Tuangalie utaratibu wake: kwanza urafiki, kisha kicheko, halafu katekisimu. Tukumbuke pia kwamba fimbo ile ilipigwa ndani ya sakristia. Mtu aweza kuwa karibu sana na altare, na papo hapo akamfukuza mtoto wa Mungu.

Mtaguso wa pili wa Vatikano, katika tangazo lake la tarehe 28 Oktoba 1965 juu ya malezi, unataka maisha yote ya masomo ya kikatoliki yajae roho ya Injili, roho ya uhuru na mapendo. Saa moja ya dini kwa juma haitoshi.

Basi tufanye nini? Kwanza, tumwite kila mtoto kwa jina lake, hasa yule wa benchi la nyuma. Pili, mtoto akiugua, twende kwao pamoja na wenzake wawili watatu. Njiani watajifunza kuliko ubaoni. Tatu, wakigombana, tusikimbilie adhabu. Tuwasikilize wote wawili, kisha tuwape kazi moja ya kufanya pamoja. Nne, sisi wenyewe tukikosa mbele ya darasa, tuombe radhi mbele ya darasa. Hilo ni gumu, lakini watoto hawalisahau.

Mwisho wa mwaka inspekta atauliza maswali ya katekisimu, nayo ni haki yake. Lakini sisi tujiulize swali jingine: yule mkimbizi, sasa anacheza na nani?