Kalambo: Nenda Lini, Uone Nini

Msafiri anayetoka Mpanda kwenda Sumbawanga hupita Sitalike, kisha hukatiza Hifadhi ya Taifa ya Katavi. Hifadhi hiyo ina maporomoko yake ya maji, kama Chorangwa na Ndido. Lakini anayetaka kuona mto ukijitupa kutoka kimo kikubwa kweli, aendelee kusini hadi Kalambo, mkoani Rukwa, mpakani mwa Tanzania na Zambia. Hapo maji huanguka kwa mkupuo mmoja zaidi ya meta 220, yaani mara mbili ya kimo cha Maporomoko ya Victoria.

Kimo hicho ni kazi ya Bonde la Ufa. Ardhi ilipopasuka na kudidimia, ndipo lilipopatikana bonde la Ziwa Tanganyika. Mto Kalambo, unaoshuka kutoka nyanda za juu za Ufipa, ukabaki juu ya ukingo wa mwamba mgumu usiolika upesi. Lakini si maporomoko yote marefu yalizaliwa hivyo. Linganisha na Norway, ambako barafu nzito ilichimba mabonde makuu, vijito vya pembeni vikaachwa vikining'inia juu.

Hata majira hutofautiana. Maporomoko ya Norway hufura mwezi Mei na Juni, theluji inapoyeyuka. Kwetu mvua ni za msimu mmoja, kuanzia Novemba hadi Aprili. Kwa hiyo Kalambo hunguruma kuelekea mwisho wa masika, na ikifika Oktoba hubaki utepe mwembamba tu wa maji.

Utepe huo nao una siri yake. Kwenye Vøringsfossen, poromoko maarufu la Norway lenye meta 182, maji mengi yamechepushwa kuzalisha umeme, na sharti la serikali huwataka wenye mitambo waachie kiasi maalumu majira ya joto ili wageni wapate cha kuona. Kalambo haina mtu wa kufungulia maji. Kinachoulisha mto baada ya mvua kukatika ni udongo wa misitu na vinamasi vya juu, vilivyonyonya maji na sasa vinayaachia kidogo kidogo. Msitu ukifyekwa, maji ya mvua hukimbia yote kwa siku chache, na mto hupungua mapema.

Maji hayo hayo yametunza historia. Mwaka 2023 watafiti walitangaza kwamba juu kidogo ya poromoko, upande wa Zambia, wamekuta magogo mawili yenye umri wa miaka 476,000 hivi. Gogo moja limelazwa juu ya jingine na kuchongwa mfuo ili yashikane. Kwa kawaida mti huoza. Haya yalipona kwa sababu udongo uliyafunika ukiwa umelowa muda wote.

Basi chagua kwa kujua. Ukitaka ngurumo na ukungu, nenda Aprili au Mei. Ukitaka kuona kuta za korongo zikiwa wazi na kongoti wakilea makinda yao kwenye majabali, nenda kiangazi. Wakati wowote utakaokwenda, kaa mbali na ukingo, kwani jiwe lililolowa huteleza. Na ukiwa na shamba kando ya kijito cha juu, uiache miti ya kingoni isimame.