Chaja ndogo ya haraka: Soma maandishi yake kabla ya kuuliza bei

Bukoba. Jioni, katika nyumba nyingi za mjini Bukoba, soketi ya sebuleni ndiyo yenye foleni. Baba anataka kuchaji simu ya kazi, mama anaihitaji simu anayopokelea malipo ya duka, na kijana aliyerudi kutoka chuo amebeba kompyuta mpakato. Umeme nao huweza kukatika muda wowote, hasa mvua inapoanza kunyesha, hivyo kila mmoja anataka chombo chake kijae mapema.

Hapo ndipo chaja ndogo za haraka zinapopata wateja. Inatosha kiganjani, ina matundu mawili au matatu, na moja ikiwa nzuri inaweza kuhudumia simu zote za nyumbani pamoja na kompyuta. Kwa kawaida mnunuzi huuliza mambo mawili tu: inachaji haraka, na ni shilingi ngapi? Swali ambalo lingepaswa kutangulia ni jingine: je, ni salama ikiwa mikononi mwa mtoto?

Swali hilo lina uzito kwa sababu chaja si waya wa kupitisha umeme tu. Ni kizuizi kati ya umeme wa nguzo na mwili wa binadamu.

Kizuizi kisichoonekana

Umeme unaoingia majumbani nchini ni wa volti 230. Simu huchajiwa kwa volti chache, kuanzia 5, na kompyuta mpakato nyingi hutumia takriban volti 20. Kazi ya kwanza ya chaja ni kushusha nguvu hiyo. Kazi ya pili, iliyo muhimu zaidi kwa afya, ni kutenganisha pande mbili hizo zisikutane.

Ndani ya chaja kuna transfoma ndogo yenye nyaya za pande mbili. Upande mmoja unapokea umeme wa ukutani, mwingine unaupeleka kwenye simu, na katikati kuna nafasi na vizuizi vya kuzuia umeme usivuke. Mtengenezaji wa bidhaa feki anapotaka kupunguza gharama, hapo ndipo anapokata: nafasi inakuwa finyu, kizuizi kinakuwa chembamba, na vipuri vya kukata umeme joto linapozidi huondolewa. Kwa nje chaja inabaki kufanana na halisi, na simu inachajika kama kawaida hadi siku kizuizi kitakaposhindwa.

Mwaka 2016, kampuni ya upimaji wa usalama ya UL ya Marekani ilipima chaja 400 zilizoigwa kwa jina la Apple, zilizonunuliwa katika nchi mbalimbali. Ni 3 tu zilizofaulu kipimo cha uimara wa kizuizi hicho. Nyingine 12 zilikuwa na ubovu wa kiwango cha kuweza kuua mtumiaji kwa umeme.

Mwaka huohuo hapa Tanzania, Mamlaka ya Mawasiliano (TCRA) ilizima simu feki Juni 16. Simu ina namba ya utambulisho, hivyo mtandao unaweza kuitambua na kuifungia. Chaja haina namba ya namna hiyo. Hakuna mtambo wa kuizima ikiwa imeshaingia nyumbani, na mkaguzi wake wa mwisho ni mnunuzi aliyesimama mbele ya meza ya duka.

Hofu isiyo mahali pake

Wazazi wengi huogopa kwamba chaja ya wati 65 itaunguza simu iliyokuja na chaja ya wati 10. Kwa chaja halisi ya mfumo unaoandikwa kwa herufi PD, hofu hiyo haina msingi.

Chaja ya aina hiyo huanza na volti 5. Kisha chaja na simu huwasiliana kupitia waya: chaja inataja viwango ilivyonavyo, simu inachagua kinachoifaa. Ni kama sufuria ya ndizi mezani. Ukubwa wa sufuria haumlazimishi mtu kula zaidi, kila mmoja hupakua kinachomtosha. Simu ndogo itachukua wati 10, kompyuta itachukua 60, kutoka chaja ileile.

Gharama ya umeme nayo isiwatishe. Betri ya simu ya uwezo wa 5,000 huhifadhi takriban wati 19 kwa saa, hivyo uniti moja ya LUKU inaweza kujaza simu ya namna hiyo zaidi ya mara 35, hata ukihesabu umeme unaopotea kama joto. Kuchaji haraka hakuongezi matumizi kwa kiasi cha kuonekana, kunafupisha muda tu.

Kinachostahili kuogopwa ni chaja isiyojua kuwasiliana na simu, iliyoandikwa "haraka" kwenye boksi huku ndani ikiwa tupu.

Hesabu ya kufanya dukani

Kila chaja huwa na maandishi madogo kwenye mwili wake, mara nyingi upande wa pini. Yana sehemu mbili zinazohitaji kusomwa.

Ya kwanza huanza na neno INPUT, yaani umeme unaoingia. Chaja inayofaa huandikwa 100-240V na 50/60Hz. Maana yake inahimili umeme wa Tanzania hata unaposhuka, jambo ambalo wakazi wa Kagera wanalijua vyema.

Ya pili huanza na neno OUTPUT, yaani umeme unaotoka. Hapo kuna namba zenye V, ambayo ni volti, na A, ambayo ni ampea. Zidisha volti kwa ampea, utapata wati. Chaja ya kweli ya wati 65 huonyesha viwango kadhaa: 5V 3A, 9V 3A, 15V 3A na 20V 3.25A. Ukizidisha 20 kwa 3.25 unapata 65.

Sasa linganisha na boksi. Ikiwa boksi linatangaza wati 120 lakini mwilini kumeandikwa 5V 2A peke yake, hiyo ni chaja ya wati 10. Muuzaji anaweza asijue, lakini hesabu imeshajieleza. Chaja isiyo na maandishi kabisa, au yenye maneno yaliyokosewa herufi, irudishwe mezani.

Ipi inafaa familia ipi

Familia yenye simu pekee inatoshwa na chaja ya wati 20 hadi 30. Yenye simu na kompyuta mpakato nyepesi itafute wati 45 hadi 65. Kompyuta kubwa za usanifu au video huhitaji wati 100 au zaidi.

Kabla ya kununua kwa ajili ya kompyuta, soma chaja yake ya zamani kwa hesabu ileile. Hakikisha pia kwamba tundu lake la taipu C linapokea chaji, kwa kuwa baadhi ya kompyuta zina tundu hilo kwa ajili ya kuhamisha mafaili tu. Njia rahisi ni kuomba kuijaribu palepale dukani.

Jambo lingine ni mgawanyo. Chaja ya wati 65 yenye matundu mawili haitoi 65 kila tundu. Ukichomeka vifaa viwili inagawa, kwa mfano 45 na 20. Kompyuta inayochaji polepole wakati simu imechomekwa pembeni si lazima iwe mbovu.

Baadhi ya simu zina mfumo wa haraka wa kampuni yake. Zikiwekwa kwenye chaja ya PD zitachaji salama, lakini huenda zisifikie kasi iliyotangazwa. Hata hivyo, mwelekeo wa dunia ni tundu moja: Umoja wa Ulaya umelazimisha taipu C kwa simu mpya tangu Desemba 28, 2024, na kwa kompyuta mpakato kuanzia Aprili 28, 2026. Kwa mnunuzi wa leo, chaja yenye tundu la taipu C ndiyo itakayodumu na vifaa vijavyo.

Herufi GaN kwenye boksi zina maana ya galiamu nitridi, malighafi inayotumika badala ya silikoni katika sehemu za ndani. Hupoteza umeme mdogo zaidi kama joto, ndiyo maana chaja yenye nguvu inaweza kuwa ndogo. Ila herufi hizo pekee si hakikisho la ubora, kwani feki nazo zinaweza kuziandika.

Waya na pini

Chaja nzuri yenye waya mbovu ni kazi bure. Waya wa kawaida wa taipu C pande zote mbili huhimili ampea 3, ambazo ni wati 60. Kwa nguvu zaidi ya hapo unahitajika waya wa ampea 5 wenye chipu ndani, unaoandikwa wati 100 au 240. Waya uliochubuka hadi nyaya za ndani kuonekana usifungwe selotepu, utupwe.

Soketi za nchini ni za pini tatu bapa. Chaja nyingi ndogo huja na pini mbili za mviringo, na baadhi ya watu huzichomeka kwa kusukuma kalamu au kijiti kwenye tundu la juu ili matundu mawili ya chini yafunguke. Kwa njia hiyo wanaondoa kinga iliyowekwa kwa ajili ya watoto, tena mbele ya macho ya watoto wenyewe. Anachokiona leo kwa kalamu, mtoto atakijaribu kesho kwa msumari. Chagua chaja yenye pini tatu bapa tangu mwanzo.

Kwa kaya za visiwani Muleba, kama Bumbire na Ikuza, zinazotumia umeme wa jua wa volti 12, zipo chaja za PD za volti 12 kama zinazotumika kwenye magari. Nazo zisomwe kwa hesabu ileile.

Nyumbani, chaji mbali na kitanda

Weka simu inayochajiwa mezani au sakafuni penye saruji, si chini ya mto wala juu ya godoro. Betri na chaja hutoa joto, na blanketi hulizuia lisitoke. Betri ikivimba, acha kuitumia na kuichaji, na usiitoboe.

Kuhisi uvuguvugu kwenye chaja ni kawaida. Ikiwa huwezi kuishika kwa sekunde chache, inanuka kuungua au inapiga shoti, zima swichi ya ukutani kisha uichomoe.

Chomoa vifaa radi inapoanza. Bonde la Ziwa Victoria ni miongoni mwa maeneo yenye radi nyingi zaidi duniani, na hakuna chaja iliyotengenezwa kuzuia radi. Umeme ukikatika pia chomoa, usubiri utulie baada ya kurudi.

Usiache waya ukining'inia kwenye soketi yenye umeme baada ya simu kutolewa. Ncha hiyo ndiyo anayoikimbilia mtoto anayetambaa, na huipeleka mdomoni.

Ikitokea ajali

Mtu akinaswa na umeme, usimguse. Zima swichi kuu kwanza. Ikishindikana, simama juu ya kitu kikavu na umsukume kutoka kwenye umeme kwa ubao au fimbo kavu. Asipopumua, anza kumkandamiza kifua huku ukiita msaada. Hata akionekana mzima, apelekwe kituo cha afya, kwani umeme unaweza kuathiri mapigo ya moyo.

Jeraha la moto limwagiwe maji safi ya baridi yanayotiririka kwa dakika 20. Dawa ya meno, mafuta au yai visipakwe. Lifunike kwa kitambaa safi, kisha uende kituo cha afya.

Mtoto aliyeungua mdomoni kwa umeme anahitaji hospitali siku hiyohiyo, hata kidonda kikiwa kidogo. Mshipa wa damu wa mdomo unaweza kuanza kuvuja siku kadhaa baadaye, hata ndani ya wiki mbili, kidonda kinapobanduka. Ikitokea, bana sehemu hiyo ya mdomo kwa vidole na kitambaa safi, ukiwahi hospitali bila kuachia.

Moto wa chaja usizimwe kwa maji kabla ya kukata umeme kwenye swichi kuu.

Dai risiti

Nunua kwenye duka linalotoa risiti ya EFD na linalokubali bidhaa irudishwe ikiwa na kasoro. Risiti ndiyo ushahidi wa kupeleka malalamiko Shirika la Viwango Tanzania (TBS), au Tume ya Ushindani (FCC) inayoshughulikia bidhaa bandia.

Chaja halisi hugharimu zaidi, na si kila familia inaweza kununua moja kwa kila mtu. Haina haja. Moja iliyosomwa vizuri, yenye matundu mawili na ikawekwa mahali ambapo mtoto hafiki, inatosha nyumba nzima kwa zamu.