Kunguru unayemfukuza, kwingine anangojwa kwa hamu

Ukiwa Mombasa, kunguru akitua karibu na viazi karai vyako, unamfukuza na matusi juu. Sasa sikia hii. Asili ya ndege huyo ni Bara Hindi, na huko Wahindu wengi humwona kama mjumbe wa wazee waliotangulia. Kwenye Pitru Paksha, siku za kukumbuka marehemu kila mwaka, anawekewa chakula. Ng'ombe, mbwa, hata sisimizi hupata fungu lao.

Jimboni Maharashtra, siku ya 10 baada ya kifo, familia huweka matonge ya wali, kisha inangoja. Kunguru asipodonoa, ujue marehemu ana jambo moyoni. Hapo jamaa huanza kuahidi kwa sauti: watoto wako tutawasomesha, deni lako tutalipa.

Na wewe je, ahadi uliyotoa matangani umeitimiza?