Udongo Wako Una Kiu Kiasi Gani?

Pita Bunju au Chamazi wakati wa kiangazi, utakuta watu wanachimba misingi. Inaeleweka: ardhi imekauka na lori la mchanga linafika kiwanjani bila kukwama. Lakini kama kiwanja chako kina ule mfinyanzi mweusi, unaofanya nyufa pana jua likiwaka na kung'ang'ania viatu mvua ikinyesha, basi huo ndio wakati udongo una kiu kuliko wakati wowote wa mwaka. Unajenga juu ya kitu ambacho bado hakijanywa.

Kiu hiyo ina kipimo. Tuiite mfyonzo: nguvu ambayo udongo usioshiba hutumia kuvuta maji. Sehemu yake hutoka kwenye vinafasi vidogo kati ya chembe, ambamo maji hupanda kama mafuta ya taa kwenye utambi wa kibatari; sehemu nyingine hutokana na chumvi iliyoyeyuka kwenye maji ya udongo. Hupimwa kwa kilopaskali (kPa). Mimea mingi hunyauka mfyonzo ukifika karibu kPa 1,500, na mfinyanzi mkavu unaweza kupita hapo mbali sana. Ndani yake kuna madini ya smektaiti, yaliyopangika kama kurasa za kitabu. Maji yakiingia kati ya kurasa, kitabu kinanenepa. Nyumba ya chini ya tofali za saruji ni nyepesi mno kukizuia.

Vipimo vya kawaida vya maabara, kama unyumbufu na kiasi cha mfinyanzi, hueleza tabia ya udongo, yaani kama unaweza kuvimba. Havielezi hali yake leo. Chukua udongo wa shimo lilelile: mwezi Mei, masika ikiisha, umeshavimba karibu wote; Septemba, uvimbe wote bado uko mbele. Kipimo cha unyumbufu kitakupa jibu moja mara zote mbili! Hata kujua kiasi cha maji peke yake hakutoshi, maana mchanga wenye maji asilimia 15 umelowa, wakati mfinyanzi mweusi wenye asilimia hizohizo umekauka kwelikweli.

Sasa mfyonzo unapimwaje? Njia ninayoipenda ni ya karatasi ya kuchujia, kwa sababu haihitaji mtambo. Karatasi inayotumika sana ni Whatman namba 42. Unaweka tatu kwa pamoja katikati ya vipande viwili vya udongo, unafunga kwenye chombo kisichopitisha hewa, unakiacha siku 7 hivi mahali ambapo joto halibadilikibadiliki. Udongo na karatasi vinagombania maji mpaka vinapatana. Kisha unatoa karatasi ya kati, ambayo haikugusa udongo, unaipima uzito, unaikausha kwenye oveni, unaipima tena.

Kazi iko kwenye mizani. Karatasi ikiwa na maji asilimia 40 ya uzito wake mkavu, mfyonzo ni karibu kPa 160. Ikiwa na asilimia 30, tayari ni karibu kPa 980. Tofauti ya asilimia 10 tu, mfyonzo umekuwa mara sita! Ndiyo maana inatakiwa mizani inayosoma sehemu ya 10,000 ya gramu, na mikono ya haraka: ukichelewa sekunde chache, hewa ya Dar inaanza kubadilisha maji ya karatasi. Na feni izimwe, tafadhali.

Kipimo kimoja hakitoshi. Inabidi uchukue sampuli kila nusu mita kwenda chini, mara moja mwisho wa kiangazi na mara moja masika. Juu, namba za misimu hiyo miwili zitaachana sana. Kadiri unavyoshuka zinakaribiana, mpaka kina fulani zinakutana. Juu ya kina hicho ardhi inapanda na kushuka kila mwaka, na kwetu Dar, penye vuli na masika, inaweza kufanya hivyo mara mbili. Msingi ulioishia humo unapanda na kushuka nao.

Si jambo la nadharia tu. Kibaha, ukivuka tu mpaka wa Dar kwa barabara ya Morogoro, majengo yaliyopasuka kwa sababu ya udongo unaovimba yalichunguzwa na Charles Lucian katika tasnifu yake ya uzamivu ya mwaka 2008, chuo cha KTH, Stockholm. Nyumba yenyewe pia huchangia: jamvi huzuia maji kukauka, hivyo udongo wa katikati unabaki na unyevu huku wa pembeni ukifuata misimu. Ukuta unavutwa huku na kule, na ufa unaanzia kwenye kona ya dirisha ukishuka kama ngazi. Ongeza bomba la bafuni linalovuja upande mmoja, au mti mkubwa unaonyonya maji upande wa pili, na mambo yanaharibika haraka zaidi.

Mtu aliyejenga kwa awamu kwa miaka kumi hana fedha ya kubomoa. Kwa hiyo ukipewa ripoti ya udongo, kabla ya kuangalia chochote tafuta tarehe ya sampuli na kina chake. Kama zilichukuliwa Mei na fundi anaanza kuchimba Septemba, muulize mhandisi mfyonzo wa sasa ni kiasi gani.