Goma: Siku binti anasema anataka kuwa masere

Katika nyumba nyingi za Goma, habari hii haipokelewi kwa vigelegele. Binti amemaliza sekondari, diploma ya serikali iko mkononi, na jioni moja, mama akiwa bado anapepea makala, anasema anataka kuwa masere. Kimya kinaingia kwanza. Kisha maswali yanaanza. Nani atalipia wadogo wako masomo? Wajukuu tutawaona wapi? Baba, ambaye pengine alikwisha kuhesabu mbuzi ao ng'ombe wa mahari bila kumwambia mtu, anatoka nje kidogo. Shangazi anataka kujua kama kuna mvulana aliyemvunja moyo.

Wanaouliza hivyo si watu wasiosali. Mara nyingi ni wazazi walewale wanaoongoza sala katika shirika la mtaa wao, wanaopiga makofi kanisani mabinti wa wengine wanapoweka nadhiri. Lakini binti wa nyumba yako ni jambo lingine. Na katika mji huu, ulioingia mikononi mwa AFC/M23 mwishoni mwa Januari 2025, ambako benki na uwanja wa ndege vilifungwa na kazi nyingi zikapotea, binti mwenye diploma ni mkono mwingine wa kuleta chakula. Kumtoa kwa Mungu ni neno rahisi kulisema kwenye mahubiri.

Hata Mwenye heri Anuarite alipita humo. Wakatoliki wa Goma wanamjua tangu utoto, maana hata chama cha watoto cha Kizito-Anuarite kinabeba jina lake. Kinachosimuliwa zaidi ni kifo chake. Namna alivyoingia utawani inasimuliwa kidogo, na hapo ndipo msichana wa leo, na mama yake pia, wanaweza kujiona.

Alizaliwa 29 Desemba 1939 huko Wamba, katika jimbo ambalo leo linaitwa Haut-Uélé. Mama yake alizaa mabinti sita. Baba, aliyetaka mtoto wa kiume, akamwacha mke huyo na kuoa mwingine. Basi mama aliyeachwa na mabinti, alipoona mmoja wao anataka kufuata masere, hakukubali. Siku lori lilipokuja kuchukua wasichana kwenda Bafwabaka, kwenye nyumba ya masere wa Jamaa Takatifu, Anuarite alipanda bila kuaga. Mama alikuja kujua baadaye kwamba binti yake hakuwa shuleni.

Tarehe 5 Agosti 1959 aliweka nadhiri za kwanza. Wazazi wake walikuja na mbuzi wawili wa kutoa. Katika inchi ambamo mbuzi huingia nyumbani kwa sababu ya binti, siku hiyo mbuzi walitoka. Lakini mambo hayakuishia hapo. Miaka kadhaa baadaye, shida ilipozidi nyumbani, mama alibadili mawazo na kumwomba binti yake aache utawa arudi kusaidia. Hakurudi. Aliendelea kufundisha watoto pale Bafwabaka mpaka Simba walipokuja kuwachukua masere wote mwishoni mwa Novemba 1964. Usiku wa kuamkia 1 Desemba, huko Isiro, kanali mmoja wa Simba alimuua kwa sababu alikataa kuwa mwanamke wake. Alikuwa hajafikisha miaka 25. Papa Yohane Paulo wa Pili alimtangaza mwenye heri mjini Kinshasa tarehe 15 Agosti 1985.

Kwa hiyo yule ambaye picha yake inatundikwa ukutani kama mfano wa masere wa Congo ni mtu ambaye mama yake alimkatalia mara mbili: mara ya kwanza kabla ya kwenda, mara ya pili alipokwisha kuweka nadhiri. Na mara ya pili mama hakuwa na ubaya. Alikuwa na njaa.

Lori lile, hata hivyo, lisingepita leo. Msichana anayedhani atabeba begi lake na kubisha mlangoni kwa masere wa Goma, alale huko usiku huohuo, atashangaa. Wataongea naye, watampa chai, kisha watamwambia arudi nyumbani. Atakuja tena baada ya mwezi, pengine kwa siku mbili tatu za sala pamoja na wasichana wengine. Wataulizana na paroko wake. Wakati fulani mmoja wa masere atafika nyumbani kwao kuwajua wazazi. Mwaka unaweza kwisha hivyo, na bado hajaitwa hata aspiranti.

Sheria ya Kanisa, ile iliyotolewa mwaka 1983, inaweka mipaka. Hakuna anayeingia unovisi kabla ya kutimiza miaka 17, na lazima aonyeshe cheti cha ubatizo na cha kipaimara, na kwamba hana ndoa. Kabla ya hapo kuna kipindi cha postulanti, ambacho kila kongregasio inakipanga kwa njia yake, na nyingi zinataka diploma ya serikali kwanza. Unovisi wenyewe hauwezi kuwa chini ya miezi 12. Nadhiri za kwanza ni za muda tu, na kwa kawaida zinarudiwa kwa miaka 3 hadi 6, hata 9 ikihitajika, ndipo zinakuja zile za daima. Kwa wale wanaochagua monasteri, wasiotoka nje kwenda shuleni wala hospitali, Roma iliandika mwaka 2018 kwamba malezi yasipungue miaka 9.

Watu wengine wanaona huko ni kucheleweshwa bure. Lakini muda huo wote una kazi yake, na katika Goma kazi hiyo ni kubwa kuliko mahali pengi. Kuna swali moja ambalo kila mlezi wa wanovisi lazima alisikilize nyuma ya maneno mazuri ya msichana: huyu anamkimbilia Mungu, ao anakimbia kitu?

Vitu vya kukimbia hapa havikosekani. Kuna msichana aliyelala miaka kwenye kambi ya wakimbizi, na kwake nyumba ya masere ni ukuta, kitanda na sahani ya chakula kila jioni. Mwingine alitendewa vibaya na watu wenye silaha, na wazo la kuolewa linamtia hofu. Mwingine anajua kwamba kongregasio itamlipia masomo ambayo baba hawezi kulipa. Kuna hata yule ambaye bibi yake alimweka ahadi akiwa tumboni. Sheria ya Kanisa inasema wazi kwamba anayeingia kwa nguvu, kwa woga mkubwa ao kwa hila, kuingia kwake si halali. Lakini njaa haishiki mtu shingoni kama askari. Inaongea polepole, na msichana mwenyewe anaweza kuichukua kuwa sauti ya Mungu.

Hiyo haina maana kwamba aliyekuja na woga hana wito. Moyo wa mtu hauna chumba kimoja. Anaweza kuingia kwa sababu isiyo kamili na sababu hiyo ikasafishwa humo ndani, kidogo kidogo, katika kufua, kulima, kuvuta maji kwa bidoni na kuamka saa kumi na moja ya asubuhi. Walezi wanatazama sana mambo hayo madogo. Machozi kanisani hayawaambii mengi. Namna msichana anavyopokea kusahihishwa kuhusu sufuria iliyoungua inawaambia zaidi.

Wanatazama pia jambo ambalo Wanakivu wanalielewa bila kufasiriwa. Ndani ya nyumba moja ya malezi wanaweza kukutana Mnande, Mhutu, Mhunde, Mshi na Mtutsi, meza moja, choo kimoja, zamu moja ya kupika. Nje ya ukuta watu wanaulizana asili kabla ya kuulizana hali. Habari zinafika: kijiji cha mmoja kimechomwa, na waliochoma wanazungumza luga ya mwenzake anayeketi upande wa pili wa meza. Asubuhi inayofuata wote wawili wanapaswa kuimba zaburi moja. Msichana anaweza kupenda sala, kupenda watoto, kupenda nguo nyeupe, na akashindwa hapo. Wengine wameshindwa. Kama mtu hawezi kuishi na dada huyo, ni afadhali ajue akiwa postulanti kuliko kujua baada ya nadhiri za daima.

Turudi kwa mama na makala yake, maana swali lake la pesa linahitaji jibu la kweli, na mara nyingi halipewi. Familia nyingi zinafikiri kwamba masere ni kama abé wa jimbo, ambaye anaweza kubaki na kitu kidogo mfukoni cha kumtumia mama. Sivyo. Masere akifundisha ao akitibu wagonjwa, mshahara wake ni wa kongregasio. Hiyo ndiyo nadhiri ya umaskini, na katika Goma watu huicheka kidogo: umaskini tunao tayari, kwa nini kuuwekea nadhiri? Tofauti ni kwamba maskini wa mtaani, akipata dola kumi, anaamua mwenyewe zinakwenda wapi. Masere haamui peke yake. Mama akiugua, binti ataomba ruhusa, na kongregasio itasaidia kwa kadiri inavyoweza, pengine kidogo. Mzazi aliyeambiwa hivyo tangu mwanzo anaweza kulia, lakini hatasema baadaye kwamba alidanganywa.

Wito wenyewe haushuki kila mara kama radi. Masere Angélique Namaika wa Dungu, aliyepewa tuzo ya Nansen ya Umoja wa Mataifa mwaka 2013 kwa kazi yake na wanawake waliokimbia LRA, amesimulia kwamba yote yalianza akiwa mtoto, alipomwona masere mmoja Mjerumani aliyekuja kijijini kwao kuhudumia wagonjwa bila kupumzika. Alitaka kukua ili amsaidie. Hakuota ndoto wala hakusikia sauti. Alimwona mtu aliyechoka. Baadaye, mwaka 2009, yeye mwenyewe alilazimika kukimbia vita, na waliokimbia pamoja naye ndio wakawa kazi yake.

Kuna upande mmoja ambao Goma haipendi kuuzungumzia: binti anayerudi. Ameishi miaka miwili kwa masere, ametembea mtaani na ile sketi ya buluu, jirani wote wameanza kumwita masere kabla ya wakati. Kisha siku moja anaonekana nyumbani kwao na begi. Sheria inamruhusu: novisi anaweza kuondoka kwa hiari yake saa yoyote, na viongozi nao wanaweza kumwambia kwamba njia hii si yake. Ndiyo sababu vipindi hivyo vipo. Lakini mtaa haujui sheria hiyo. Mtaa unasema amefukuzwa. Unatafuta mimba, wizi, ugomvi. Wenzake wa shule wamekwisha kuolewa ao wana biashara zao Birere, na yeye anaanza upya akiwa na miaka 23, bila cheti kingine, bila franga.

Hapa parokia nyingi zinanyamaza, na kimya hicho kinaumiza. Walioimba siku alipokwenda hawapo siku anarudi. Na kuna madhara mengine yasiyoonekana: wasichana wanaobaki ndani wanamwona huyo aliyerudi na kuogopa. Mmoja anajua moyoni kwamba maisha haya si yake, lakini anaweka nadhiri kwa sababu haya ya kurudi Ndosho ao Majengo ni nzito kuliko haya ya kudanganya altareni. Mlango ambao Kanisa limeuacha wazi, watu wa nyumbani wanaufunga kwa ulimi.

Nyumba ya masere si njia pekee pia, na mji huu unajua hilo kuliko zamani. Tarehe 15 Juni 2025, katika basilika ya Mtakatifu Paulo nje ya Kuta, Roma, Floribert Bwana Chui alitangazwa mwenye heri. Alikuwa mtoto wa Goma, mlei, mtumishi wa OCC, ofisi inayopima bidhaa mpakani, na mtu wa jumuiya ya Sant'Egidio aliyekuwa rafiki wa watoto maibobo. Mwaka 2007 alikataa rushwa ili chakula kilichooza kisiingie sokoni, akauawa. Hakuwa padri wala frère. Msichana ambaye anapenda maskini na hapendi nidhamu ya jumuiya anaweza kumtazama huyo bila kujiona ameshindwa.

Kwa anayetaka kujaribu, mwanzo ni mdogo kuliko anavyofikiri. Anazungumza na paroko ao na masere mmoja anayemwamini. Anapewa siku tatu za kimya na sala, mara nyingi wakati wa likizo ao karibu na Jumapili ya kuombea miito, ya nne ya Pasaka, iliyoanzishwa na Papa Paulo wa Sita mwaka 1964, mwaka uleule Anuarite aliouawa. Simu inazimwa. Siku ya tatu jioni anarudi nyumbani kwa motari, bila kuwa ameahidi kitu. Mama anamtazama usoni, hamuulizi alichoamua. Anamuuliza kama huko walimpa chakula.