Siku Tatu Mombasa: Ngome ni Watu

Mombasa, mji ambao wenyeji wake huuita pia Mvita, ni mji mkongwe uliojengwa juu ya kisiwa, nao kwa karne nyingi umekuwa mlango wa Afrika ya Mashariki. Msafiri Ibn Battuta aliufikia mwaka 1331. Mreno Vasco da Gama alitia nanga mbele yake mwaka 1498. Mwaka 1896 ilianza kujengwa kutoka hapo ile reli iliyokuja kuitwa Reli ya Uganda, na hadi leo sehemu kubwa ya bidhaa zinazoingia nchini mwetu kutoka ng'ambo hupitia bandari yake. Wengi wa wazee wetu wa King's African Rifles waliopelekwa Burma katika Vita Kuu ya Pili walipandia meli huko huko. Kwa hiyo askari wa Uganda ana sababu nyingi za kuujua mji huo, ingawa wengi wetu twaujua kwa jina tu.

Sisi tuliutembelea kwa siku tatu, baba, mama na watoto watatu. Katika nyumba yetu, kama ilivyo katika nyumba nyingi za askari, watoto humjua baba yao kwa sauti ya simu zaidi kuliko kwa sura. Likizo ilipopatikana, wako jamaa waliotushauri kwamba fedha tulizokuwa tumeweka akiba zinunue mabati. Ushauri huo haukuwa wa kipuuzi. Lakini tulipoupima tuliona kwamba mabati yatangoja mwaka mwingine, ila binti yetu wa kwanza, mwenye umri wa miaka 13, hatangoja. Baada ya miaka michache atakuwa mtu mzima, naye baba yake atakuwa mgeni kwake.

Safari yenyewe si ngumu. Tangu mwaka 2014 raia wa Uganda aweza kuingia Kenya kwa kitambulisho chake cha taifa, na askari huongeza juu yake ruhusa ya mkuu wake. Tulitoka Kampala kwa basi, tukavuka mpaka Malaba, tukalala Nairobi, na kesho yake tukapanda treni ya reli mpya iliyofunguliwa mwaka 2017. Treni hiyo hupita katikati ya mbuga ya Tsavo, na watoto wetu waliwaona ndovu wekundu kwa vumbi la nchi ile. Baada ya saa tano hivi tulishuka Miritini, nje ya kisiwa, tukaingia mjini kwa matatu.

Jambo la kwanza lililowashangaza watoto ni bahari. Walidhani itakuwa kama Ziwa Nalubaale, bali kubwa zaidi. Asubuhi waliona maji yamekupwa na miamba iko wazi. Walipotoka tena alasiri, maji yalikuwa yamejaa na miamba haionekani. Ziwa letu halifanyi hivyo, nao walikataa kuondoka mpaka waelezwe sababu.

Jambo la pili ni lugha. Ndugu msomaji, tuseme kweli. Katika nchi yetu, kwa miaka mingi, wananchi wengi waliisikia lugha ya Kiswahili midomoni mwa watu wenye bunduki, na wengine waliisikia usiku, mlangoni, ikiwaamuru watoke. Ndiyo sababu wako wazazi ambao hata leo hawapendi watoto wao waiseme. Katika vichochoro vya Mji wa Kale watoto wetu waliisikia kwa namna nyingine. Mama mmoja aliyekuwa akiuza mahamri na mbaazi kibarazani alitukaribisha kwa lugha hiyo, akawabembeleza kwayo watoto wetu, kisha akamwombea dua mgonjwa aliyekuwa akipita. Mzee mmoja tulimwamkia, "Shikamoo, mzee." Akajibu, "Marahaba, wanangu," akatuelekeza: "Fuateni ndia hii mpaka tini, mtaiona Ngome." Watoto walifurahi mno kujifunza kwamba kwa Kimvita njia ni ndia na chini ni tini. Binti yetu akasema kwamba hakujua kuwa Kiswahili ni lugha ya nyanya pia. Neno hilo lilitugusa, maana lilitukumbusha kwamba lugha haina kosa. Kosa huwa la anayeitumia.

Ngome ambayo mzee yule alituelekeza ni Fort Jesus, na hiyo ndiyo iliyotuchukulia muda mwingi zaidi. Wareno walianza kuijenga mwaka 1593, kwa mchoro wa mjenzi Mtaliani, Giovanni Battista Cairati. Imekaa juu ya mwamba wa matumbawe, nayo imepangwa hata kila pembe yake huilinda nyingine. Askari yeyote akisimama juu ya kuta zile, ataelewa mara moja kwa nini mahali pale palichaguliwa: lango la bandari ya kale liko chini ya macho yake.

Lakini kuta hizo hazikuwaokoa waliozijenga. Mwaka 1631 Sultani Yusuf bin Hasan wa Mombasa, ambaye Wareno walikuwa wamemlea na kumbatiza, aliwaasi na kuitwaa ngome. Walipoirudia mwaka uliofuata, walidhani wako salama. Ndipo mwezi Machi 1696 majeshi ya Oman yakaizingira. Ndani walikuwamo Wareno wachache pamoja na wenyeji wengi waliokuwa upande wao. Mazingira hayo yalidumu kwa muda wa miezi 33. Waliokufa kwa maradhi na uhaba wa chakula walikuwa wengi kuliko waliouawa kwa risasi.

Kufikia mwisho wa Agosti 1697 hapakuwa na askari Mreno aliye hai ndani ya ngome. Pamoja na hayo, haikuanguka. Ilishikwa na Sheikh Daud wa Faza, jamaa zake 17, wanaume Waafrika 8, na wanawake Waafrika 50. Watu hao waliilinda mpaka msaada ulipofika kwa merikebu mwezi Septemba. Merikebu moja ya msaada huo, Santo António de Tanna, ilizama chini ya ngome mwaka ule ule; vitu vilivyotolewa ndani yake na wapiga mbizi kati ya mwaka 1977 na 1980 twaliviona katika jumba la makumbusho.

Waomani waliiteka ngome tarehe 13 Desemba 1698, walipokuta ndani watu wachache kabisa. Siku chache baadaye merikebu nyingine za Wareno zikatokea. Zikaona bendera ngeni juu ya kuta, zikageuka.

Hatuandiki haya kwa kumsifu Mreno, ambaye ubaya wake katika pwani hii wajulikana. Wala Waingereza waliokuja baadaye hawakuipa ngome hiyo heshima kubwa, maana kuanzia mwaka 1895 waliifanya jela, na ikabaki jela mpaka mwaka 1958. Twaandika kwa sababu ya swali aliloliuliza mama watoto tulipokuwa tumesimama karibu na birika la maji: "Wale wanawake 50, majina yao yameandikwa wapi?" Hatukuyaona mahali popote. Jina la mjenzi twalijua, na jina la Sheikh Daud twalijua. Majina ya wale 50, waliokaa hapo wakati askari wa mfalme walikuwa wamekwisha, hatuyajui.

Basi hilo ndilo tulilorudi nalo. Sisi askari na polisi hufundishwa kuhesabu bunduki, risasi na magari. Hatufundishwi sana kumhesabu mama ambaye hubaki kambini au kijijini, hulipa karo, huuguza watoto na kuwaambia kila jioni kwamba baba atarudi. Naye ni mlinzi. Yeye akichoka akakata tamaa, ukuta hautatufaa kitu.

Kwa hiyo twawashauri wenzetu wanaopata likizo, wasiimalize yote katika baa iliyo jirani na kambi. Si lazima mtu afike Mombasa. Aweza kwenda Jinja au Entebbe, au kukaa nyumbani tu siku tatu, simu ikiwa imezimwa. Lakini yafaa aende na watu wake, na aende mapema. Merikebu zile za Desemba 1698 zilikuwa na watu, chakula na baruti. Zilikosa siku chache tu.