Sababu za droni za bei nafuu kushindwa kuzamisha manowari

HUENDA mkazi wa mtaa wa mabanda wa Kiandutu, mjini Thika, akadhani kwamba mashambulizi ya Bahari ya Shamu hayamhusu. Lakini mananasi ya mkebe yanayosindikwa Thika hupitia bandari ya Mombasa yakielekea Ulaya, na njia fupi ya kufika huko ni bahari hiyo pamoja na Mfereji wa Suez.

Mnamo Novemba 2023, wapiganaji wa Houthi wa Yemen walianza kushambulia meli za mizigo kwa makombora na ndege zisizo na rubani, maarufu kama droni. Marekani na Uingereza zilituma manowari kuzilinda. Je, droni ya bei nafuu yaweza kuzamisha chombo kama hicho?

Ni vigumu mno. Droni aina ya Shahed-136 ya Iran hubeba kilipuzi cha kilo 50 hivi, ilhali manowari ya Marekani ya Arleigh Burke ina uzani wa zaidi ya tani 8,000. Mlipuko huo waweza kuharibu rada na kuua mabaharia, lakini hutokea juu ya sitaha. Meli huzama pale maji yanapoingia ndani yake.

Isitoshe, droni hiyo huruka kwa kasi ya kilomita 180 hivi kwa saa, hivyo rada ikiiona, mabaharia hupata muda zaidi wa kuitungua. Januari 9, 2024, manowari na ndege za kivita za mataifa hayo mawili zilitungua droni 18 na makombora matatu katika shambulio moja.

Tena, manowari haitulii mahali pamoja. Droni iliyoelekezwa mahali maalumu hukuta shabaha imekwishaondoka, na ikiongezewa kamera ya kuifuata, bei yake hupanda.

Hatari kubwa zaidi hupitia majini. Oktoba 2000, mashua iliyojaa vilipuzi ilitoboa ubavu wa manowari USS Cole bandarini Aden na kuua mabaharia 17, ingawa haikuzama. Februari 2024, Ukraine ilitumia mashua zisizo na nahodha kuzamisha meli za kivita za Urusi Ivanovets na Caesar Kunikov.

Hata hivyo, kinga ina gharama. Kombora moja la kutungulia droni laweza kugharimu dola milioni mbili, nayo manowari hubeba idadi maalumu tu.

Meli za mizigo, kwa upande wao, hazina kinga hiyo. Juni 2024, meli Tutor iligongwa na mashua isiyo na nahodha, ikazama. Kampuni nyingi zilichagua kuzunguka Afrika Kusini, safari inayoongeza takribani siku kumi au zaidi.

Kwa hivyo, kusalimika kwa manowari si kusalimika kwa biashara. Mafuta na bima ya safari hiyo ndefu hatimaye hulipiwa na mkulima, mfanyakazi wa kiwanda na mnunuzi.